Jinsi mwanagenzi wa programu anavyofundishwa na walimu asiowajua

TARAKILISHI inapoagizwa kujumlisha 50 na 50, kisha ikajibu 5050, haijakosea hesabu. Imetii amri kama ilivyoandikwa. Aliyekosea ni mwandishi wa amri hiyo, na aghalabu huwa ni mwanagenzi aliye katika wiki ya kwanza au ya pili ya kujifundisha kutayarisha programu, peke yake, bila mwalimu wa kusimama nyuma yake na kumwonyesha kosa lilipo.

Wanagenzi wa aina hiyo wapo kila pembe ya nchi. Baadhi wamemaliza kidato cha nne na wanasubiri kujiunga na vyuo, wengine wana ajira lakini wanatafuta ujuzi wa ziada, na wapo wanaokodi tarakilishi za saiba kwa saa moja au mbili jioni. Wote wamesikia kwamba kazi hii ina soko. Wote pia wamegundua kwamba vifaa vya kuanzia havina bei, kwani lugha nyingi za programu hutolewa bure pamoja na miongozo yake rasmi.

Kinachowavunja wengi moyo, basi, ni ile saa ambapo programu imekataa kwenda, usiku umeingia, bando la intaneti linakaribia kuisha na hakuna wa kuulizwa. Hapo ndipo huhitajika jamii ya watu wasioonana ana kwa ana, waliotapakaa kote ulimwenguni, ambao hujibu maswali ya wasiowajua bila kulipwa hata senti. Mwanagenzi akijua namna ya kuiendea jamii hiyo, huendelea. Asipojua, hufunga kipakatalishi chake na huenda asikifungue tena kwa kazi hiyo.

Kisa cha 5050 kinastahili kuelezwa kwa kina kwa sababu ni kawaida mno miongoni mwa wanaoanza na lugha ya Python. Lugha hiyo ilianza kubuniwa na Mholanzi Guido van Rossum jijini Amsterdam mnamo Desemba 1989, na ikatolewa kwa umma 1991. Hupendekezwa kwa wanagenzi kwa kuwa amri zake ni fupi na hazina msitu wa alama za kukanganya.

Chukulia kwamba kijana anataka kumtengenezea mwenye duka programu ndogo ya kuuliza bei ya mkate na bei ya maziwa, kisha kutoa jumla. Hutumia amri iitwayo input, ambayo humngoja mtu aandike kitu kwenye kibodi. Mwenye duka anaandika 50, halafu 50 tena. Programu inajibu 5050.

Sababu ni kwamba chochote kinachoingia kwa njia ya input hupokelewa kama maandishi. Kwa Python, 50 ya aina hiyo ni alama mbili tu zilizofuatana, sawa na herufi za jina la mtu. Na kujumlisha maandishi, katika lugha hiyo, maana yake ni kuyaunganisha. "Mwana" ukijumlisha na "funzi" unapata "mwanafunzi". 50 ukijumlisha na 50 unapata 5050. Tiba yake ni neno moja, int, ambalo hugeuza maandishi kuwa nambari kamili kabla ya hesabu kufanywa.

Iwapo kijana huyo angejaribu kujumlisha maandishi na nambari halisi, mashine ingekataa kabisa na kumwandikia mistari kadhaa ya lawama. Wengi wakiona mistari hiyo hushtuka na kuifuta bila kuisoma. Ilhali hapo ndipo mashine inapozungumza wazi kuliko wakati mwingine wowote. Katika Python, mstari wa mwisho wa ujumbe wa hitilafu hueleza tatizo ni nini, na mistari iliyo juu yake hutaja mahali lilipotokea. Ujumbe husomwa kuanzia chini kwenda juu, jambo ambalo hakuna anayelijua mpaka aambiwe.

Kosa la 5050 mtu mwenye subira anaweza kuligundua mwenyewe. Yapo mengine ambayo hata akikesha hatayagundua. Iagize Python ijumlishe 0.1 na 0.2, nayo itajibu 0.30000000000000004. Mwanagenzi atakagua mstari wake huo mmoja mara mia asione dosari, kwa sababu dosari haimo.

Tarakilishi huhifadhi nambari kwa tarakimu mbili pekee, sufuri na moja. Kama vile thuluthi isivyoweza kuandikwa kikamilifu kwa desimali, kwani 0.333 huendelea bila kikomo, ndivyo sehemu moja ya kumi isivyoweza kuandikwa kikamilifu kwa mfumo huo wa tarakimu mbili. Mashine huhifadhi nambari iliyo karibu mno na 0.1, na ile tofauti ndogo hujitokeza wakati wa kujumlisha. Ndiyo maana watayarishaji wengi wa programu za fedha huhesabu kwa senti nzima nzima badala ya shilingi zenye desimali.

Jambo kama hilo halivumbuliwi kwa kukodoa macho. Mtu huambiwa na aliyemtangulia. Kwa aliye chuoni, aliyetangulia ni mhadhiri. Kwa aliye kazini, ni mwenzake wa meza ya pili. Kwa anayejifundisha nyumbani, ni mtu asiyemjua, aliyeko Lagos au Mumbai, ambaye pengine alikwama papo hapo miaka kumi iliyopita na hajasahau.

Mtindo wa kujifunza kwa kuuliza hadharani si mgeni. Mnamo Julai 3, 1991, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland, Linus Torvalds, aliyekuwa na umri wa miaka 21, aliandikia kundi la majadiliano la watumiaji wa Minix. Huo ulikuwa mfumo wa kuendesha tarakilishi uliotungwa na Profesa Andrew Tanenbaum wa Amsterdam kwa ajili ya kufundishia. Torvalds alitaka kujua mahali pa kupata nakala ya viwango vya kiufundi vinavyoitwa Posix.

Agosti 25 mwaka uo huo aliwaandikia tena. Aliwafahamisha kwamba anatunga mfumo wake mwenyewe, kwamba ilikuwa kazi ya kujifurahisha tu ambayo haingekuwa kubwa, na akawauliza ni mambo gani waliyoyapenda na waliyoyachukia katika Minix. Mfumo huo ndio Linux. Kiini chake ndicho kinachoendesha simu za Android, zikiwemo rununu nyingi zilizo mifukoni mwa Wakenya.

Ni kweli kwamba Torvalds hakuwa mwanagenzi wa wiki mbili. Alikuwa ameanza kuandika programu tangu utotoni, kwenye mashine ya babu yake. La kuzingatia ni namna alivyouliza. Swali lake la Julai lilikuwa dogo na mahususi, kiasi kwamba mwenye jibu angeweza kulijibu kwa sentensi moja na kurudi kwenye shughuli zake.

Hapa ndipo wanagenzi wengi wanapojikwaa. Anayeandika "programu yangu haifanyi kazi, nisaidieni" hana tofauti na mgonjwa anayeingia kwa daktari, akasema "naumwa", kisha akanyamaza. Daktari wa hospitali atamhoji kwa sababu ameajiriwa kufanya hivyo. Mtu anayejitolea, aliye na maswali mengine 20 mbele yake, atapita.

Swali linalojibiwa huwa na mambo manne: mwulizaji alitaka programu ifanye nini, aliandika nini, mashine ilijibu nini neno kwa neno, na amejaribu hatua zipi kufikia sasa. Msimbo wenyewe hubandikwa kama maandishi. Picha ya skrini iliyopigwa kwa simu haifai, maana anayetaka kusaidia hawezi kuinakili na kuijaribu kwenye mashine yake.

Hatua yenye faida kubwa zaidi, na inayorukwa mara nyingi, ni ya kupunguza. Mwenye programu ya mistari 200 huombwa aondoe kila kisichohusika mpaka abaki na mistari kumi ambayo bado inaonyesha tatizo lile lile. Kazi hiyo huchosha. Lakini mara nyingi, akifika mstari wa kumi na tano hivi, mwulizaji huliona kosa mwenyewe na swali halitumwi tena.

Andrew Hunt na David Thomas, katika kitabu chao cha 1999 kuhusu kazi ya kutayarisha programu, walisimulia habari za mtu aliyekuwa akimweleza bata wa mpira msimbo wake, mstari baada ya mstari, hadi alipolitambua kosa. Bata hakuwa na la kusema, wala hakuhitajika kusema. Kulieleza tatizo kwa mpangilio, hata kwa kisichosikia, humlazimu mtu kutamka yale aliyokuwa akiyadhania tu.

Isitoshe, swali lisitumwe kabla ya kutafuta iwapo limeshaulizwa. Tovuti ya Stack Overflow, iliyoanzishwa na Wamarekani Jeff Atwood na Joel Spolsky mnamo 2008, imekusanya maswali kwa mamilioni, na la 0.1 na 0.2 limo pamoja na majibu yake. Kule, jibu zuri hupigiwa kura na wasomaji na kupanda juu, jibu baya huzama, na swali lililokwisha kujibiwa hufungwa, mwulizaji akaelekezwa kwenye lile la awali.

Utaratibu huo umewapatia watayarishaji wa programu hazina isiyo na kifani. Umewaumiza wanagenzi pia. Anayefungiwa swali lake la kwanza maishani dakika tano baada ya kulituma, bila neno la salamu, huhisi amefukuzwa mlangoni. Mnamo 2018 wasimamizi wa tovuti hiyo walikiri hadharani kwamba haikuwa ikiwakaribisha vyema wageni, na hasa wanagenzi, wanawake na watu wa tabaka zilizotengwa, wakaahidi kurekebisha.

Haki itendeke kwa pande zote mbili. Kejeli zipo, na hazina udhuru. Hata hivyo, jibu fupi si lazima liwe tusi, na miongoni mwa waulizaji wapo wanaotupa zoezi zima la chuo na kungoja wafanyiwe. Anayejitolea humtambua mtu wa namna hiyo upesi, kama mwenye shamba anavyomtambua anayekuja wakati wa mavuno pekee.

Mwanagenzi atafanya busara kuanzia mahali palipotengewa watu wa kiwango chake. Mojawapo ni freeCodeCamp, shirika lisilo la kutengeneza faida lililoanzishwa 2014 na Quincy Larson, Mmarekani aliyekuwa akifanya kazi ya elimu na ambaye alijifundisha programu akiwa mtu mzima. Masomo yake ni ya bure, na ukumbi wake wa majadiliano umejaa watu wanaouliza mambo ya msingi bila kuonewa haya. Hapo swali la 5050 haliwezi kumshangaza yeyote.

Kwa Mkenya lipo pia suala la lugha. Amri za Python ni za Kiingereza, ujumbe wa hitilafu ni wa Kiingereza, na kumbi kubwa za majadiliano huendeshwa kwa lugha iyo hiyo. Mtu anaweza kuwa ameelewa tatizo lake barabara kwa Kiswahili au kwa Kikamba, kisha akashindwa kulieleza mahali pa kulieleza.

Njia ya kupunguza mzigo huo ipo. Majina ambayo mtayarishaji hubuni mwenyewe, yale ya kuhifadhia thamani mbalimbali, hayalazimiki kuwa ya Kiingereza. Programu ya dukani inaweza kuwa na bei, idadi na jumla, na Python itayakubali bila kunung'unika. Manufaa yake ni kwamba mwanagenzi hutofautisha mara moja maneno ya lugha ya programu na maneno aliyoyatunga yeye, jambo linalowatatiza hata wasemaji wa Kiingereza. Anapouliza katika ukumbi wa kimataifa, huyatafsiri majina hayo machache, basi.

Tahadhari moja haifai kupuuzwa. Msimbo unaobandikwa hadharani husomwa na wema na wabaya. Tangu Safaricom ilipofungua mfumo wake wa Daraja mnamo 2017, ambao huwawezesha watayarishaji kuunganisha programu zao na M-Pesa, vijana wengi hutamani kuanza na programu ya kupokea malipo. Kila anayeunganishwa hupewa funguo za siri, ambazo ni mfano wa nywila. Kuzibandika ndani ya swali ni sawa na kuacha ufunguo wa duka ukining'inia mlangoni. Huondolewa kwanza, na zikishavuja hubadilishwa, kwani kulifuta swali hakutoshi, huenda lilishanakiliwa.

Aidha, jamii haiwezi kumfanyia mtu kazi ya vidole. Wapo wanaotazama masomo ya video mfululizo, wakayaelewa yote, lakini wakiwekwa mbele ya skrini tupu hawawezi kuandika mistari mitano. Wapo wanaonakili jibu la watu na kulibandika; programu ikienda, wanasonga mbele bila kujua kwa nini ilienda. Anayeandika jibu hilo upya kwa mkono wake, akabadilisha nambari moja ili aone kitakachoharibika, atakwenda polepole zaidi kwa mwezi wa kwanza. Mwezi wa tatu hatafutiki.

Mambo yalianza kugeuka Novemba 2022 ilipozinduliwa ChatGPT, programu inayojibu maswali kwa lugha ya kawaida na hata kuandika msimbo. Kwa mwanagenzi ilikuwa faraja kubwa. Haichoki, haidharau, haifungi swali, na huulizwa saa tisa usiku. Zana kama hiyo ikielezwa kwa Kiswahili kosa la 5050, italifafanua vizuri.

Tatizo ni kwamba zana hizo hukosea kwa ufasaha ule ule zinaopatia. Desemba 2022, siku chache tu baada ya uzinduzi huo, Stack Overflow ilipiga marufuku majibu yaliyotungwa na mashine, ikisema mengi yalionekana sahihi ilhali hayakuwa. Fundi mzoefu hulinusa jibu bovu. Mwanagenzi hana pua hiyo bado, na katika mazungumzo ya faragha na mashine hakuna mpita njia wa kuingilia kati na kusema, "Hapana, hapo si sawa."

Katika ukumbi wa wazi mpita njia huyo yupo. Jibu la mtu mmoja hukosolewa na wa pili, wa tatu akaongeza kwamba njia hiyo ilifaa zamani na sasa ipo bora. Anayesoma mabishano hayo hupata zaidi ya jibu. Huona jinsi mafundi wanavyopima jambo, na hujua ni wapi hata wao hawakubaliani.

Kumbi hizo sasa zinapungukiwa na watu. Idadi ya maswali mapya yanayotumwa Stack Overflow imeshuka sana tangu 2022, kwa kuwa wengi huiuliza mashine kwanza. Swali linalojibiwa faraghani haliachi alama yoyote. Atakayekwama papo hapo kesho hatalikuta. Na mashine zenyewe zilijifunza kwa kusoma maandishi yaliyoachwa hadharani, yakiwemo majibu ya wale waliokuwa wakijitolea.

Haya yanajiri wakati Kenya inawaandaa wanagenzi wengine wengi. Mnamo 2022 Taasisi ya Kukuza Mitaala (KICD) iliidhinisha mtaala wa kufundisha uandishi wa programu katika shule za msingi na za upili. Mtaala ni jambo moja. Mwalimu wa kumwendea mtoto aliyekwama ni jingine, na katika shule nyingi huenda mtoto akawa amemtangulia mwalimu kabla ya muhula kwisha.

Anayetaka kutumia mashine bila kudumaa anaweza kujiwekea utaratibu. Kwanza ajaribu mwenyewe, kwa nusu saa ya haki. Kisha atafute kama limeshaulizwa. Akiishia kwenye mashine, aiombe ieleze kosa liko wapi na kwa nini, na si kuandika programu yote upya. Jibu alijaribu kwa macho yake. Jambo likiendelea kumtatiza, alipeleke ukumbini, na akipata ufumbuzi arudi kuuandika chini ya swali lake. Kuna machungu machache yanayozidi yale ya kukuta mtu aliyekuwa na tatizo lako hasa, aliyeandika "nimeshalitatua, asanteni", akaenda zake bila kusema vipi.

Kwa walio mbali na intaneti ya uhakika, hali si ya kukata tamaa. Mwongozo rasmi wa Python hupakuliwa mara moja na kusomwa bila mtandao. Programu ya bure iitwayo Kiwix, inayojulikana zaidi kwa kuwezesha Wikipedia kusomwa pasipo intaneti, hutoa pia hifadhi ya maswali na majibu ya Stack Overflow. Hifadhi hiyo ni kubwa, makumi ya gigabaiti, lakini huenea kwenye diski ya kawaida ya kubebwa mkononi, ambayo mtu anaweza kuijaza mjini palipo na mtandao wa kasi na kuirejesha kijijini.

Diski hiyo haipokei maswali mapya. Mwenye nayo akikwama kwa jambo ambalo halimo, huandika swali lake kwenye daftari, pamoja na msimbo na ujumbe wa hitilafu, akalisubirisha hadi siku ya kwenda mjini.